Gari la Mzee Mmoja Mstaafu

Katika yadi ile hakukuwa na gari hata moja lililowahi kuendeshwa na kijana. Magari yote thelathini na nane, kuanzia yale ya mbele yaliyong'arishwa kila asubuhi hadi yale ya nyuma ambayo kuku wa jirani walikuwa wameanza kuyazoea, yalikuwa ya wazee wastaafu, wauguzi wa zamu ya mchana, na mabinti waliosafiri ghafla kwenda kusoma. Hayakuwahi kukimbizwa. Hayakuwahi kubeba saruji. Yalikwenda sokoni Jumamosi, yakarudi, yakafunikwa turubai.

Wauzaji waliiita kazi ya kuwabuni wamiliki hao kulitafutia gari ukoo. Gari jipya likishushwa, jipya kwao maana duniani lilikuwa limeshazeeka, walilizunguka na vikombe vya chai mkononi kabla lango halijafunguliwa, wakajadiliana limetoka kwa nani. Lenye viti vilivyochanika lilikuwa la mama mwenye watoto wengi, kwa sababu watoto huchana viti lakini mama haendeshi ovyo. Lenye harufu ya sigara lilikuwa la profesa. Lililopakwa rangi upya lilikuwa la mtu anayependa vitu vyake. Bingwa wa koo hizo alikuwa muuzaji mkongwe waliyemwita Kasuku, kwa tabia yake ya kudaka maneno ya mwisho ya mteja na kumrudishia kama zawadi. Mteja akisema anatafuta gari la kutulia barabarani, Kasuku hufumba macho na kusema, "La kutulia barabarani, hasa."

Aliyemfuata kwa ustadi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye stashahada ya biashara na jozi mbili za viatu, vya kuuzia na vya kuendea nyumbani. Wateja walimwita Dada Hakika. Kila sentensi yake ilianza na neno hilo. Hakika mama, injini hii haijaguswa. Hakika kaka, hii ni rangi ya kiwandani. Mwenyewe hakujiona mwongo. Alijiona mpambaji, na bibi harusi anayepambwa hakuna anayemwita tapeli.

Baba yake hakuuelewa upambaji huo. Alikuwa mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na mitatu alitembea na kamba na vigingi, na majirani walioshikiana mapanga kwa ajili ya mpaka waliyashusha alipofika, maana alikosema mpaka upo ndiko ulikokuwa. Kwake uongo wa inchi moja ulikuwa uongo. Kazi ya binti yake aliiita "ile kazi", na alipoulizwa na watu mtaani binti anafanya nini, alijibu kwamba yuko kwenye usafirishaji. Miaka sita sasa. Wageni walipokuja nyumbani walimpa binti mkono na kusema, "Kumbe huyu ndiye wa usafirishaji," naye alitabasamu na kwenda kuwaletea maji.

Jumapili moja mchana Baba alimwita sebuleni. Mama alikuwa hapo akikunja nguo.

"Daktari wa macho amenikataza usukani," alisema Baba. "Gari liuzwe."

"Nitaliweka mbele kabisa, Baba. Wiki haliimalizi."

"Sijamaliza. Utaliuza bila uongo. Hata mmoja. Hata ule mdogo mdogo mnaouita mapambo."

Mama alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Baba alimtazama kidogo, kisha akaendelea.

"Kizuri chajiuza. Lile gari ni zuri na kila kitu chake kimeandikwa. Ukiliuza kwa maneno safi, nitakubali kwamba ile kazi ni kazi. Atakayeniuliza unafanya nini nitamwambia, tena kwa jina lake."

"Na nikiteleza?"

"Ukiteleza utabaki kwenye usafirishaji."

Binti alicheka, lakini moyoni hakucheka. Alikuwa ameshauza magari yaliyonusurika mafuriko. Gari la baba yake lingemshinda nini? Lilikuwa la kijivu, la miaka kumi na saba, lenye kilomita elfu sitini na mbili za kweli. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kulikuwa na daftari alimoandika Baba kila mafuta yalipobadilishwa, kila tairi, kila taa, kwa mwandiko ulionyooka kama ukingo wa kiwanja. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, angesimama kando ya gari na kusema yaliyopo.

Mwenye Yadi alimpa nafasi ya mbele, karibu na lango. "Hadi mwisho wa mwezi," alisema. "Baada ya hapo baba yako akalifugie kuku."

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye funguo nyingi kiunoni. Alilizunguka gari mara mbili.

"Hili lilikuwa la nani?"

"La mzee mmoja mstaafu," alisema Dada Hakika, na maneno yalipomtoka aliyasikia.

Kijana alitabasamu. "Na alikuwa akiendea sokoni tu."

"Sokoni na zahanati."

"Hiyo zahanati umeongeza wewe. Si mbaya, dada. Ina huruma ndani yake." Akaenda kutazama gari la profesa.

Wakaja mume na mke. Mke alilifungua daftari, akasoma kurasa nne, akamwonyesha mumewe. "Mwandiko mmoja, mwanzo hadi mwisho," alisema. Akamgeukia Dada Hakika kwa sauti ya upole kabisa. "Miaka kumi na saba mmeiandika kwa siku ngapi, mdogo wangu? Mkono haukuuma?"

Wa tatu alisoma kilomita na kucheka peke yake. Wa nne aliambiwa ukweli wote, kwamba gari ni la baba mzazi wa muuzaji, na huyo ndiye aliyekasirika. "Yadi ya pili pale nayo nimeuziwa gari la baba," alisema. "Nyinyi watu mna baba wengi."

Wiki ya tatu Dada Hakika alikaa kwenye benchi la wauzaji, viatu vya kuuzia vimemchubua ngozi ya visigino. Kasuku alimsogezea chai.

"Gari halina tatizo," alisema. "Tatizo ni huo ukweli wako, unafanana mno na uongo wetu. Hili vazi la mzee mstaafu tumelivaa kila siku mpaka limepauka. Leo mwenyewe kaja kulidai, nani atamwamini?"

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Litafutie gari ukoo mwingine."

"Nimeahidi."

"Umeahidi, hasa," alisema Kasuku, akanywa chai yake.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa tisa alasiri, aliingia mwanamke wa makamo aliyevaa gauni alilolishona mwenyewe. Ungejua kwa jinsi lilivyomkaa mabegani. Alikuwa mshonaji, na alikuwa amesahau kuvua kile kichuma cha kidoleni kinachozuia sindano. Alitaka gari la kupelekea nguo kwa wateja. Hakuuliza lilikuwa la nani. Aliinua zulia la miguuni akatazama mishono yake. Alipitisha kiganja chini ya viti. Kisha akaanza kuligonga bodi kwa kichuma chake, ti, ti, ti, tangu boneti hadi nyuma, na alipofika juu ya tairi la nyuma kushoto akasimama, akarudi, akagonga tena.

"Hapa panalia kivingine."

"Hakika mama, ni vile tairi liko karibu," alisema Dada Hakika, na aliamini.

Mshonaji alichukua daftari. Hakulisoma. Alilikunja, akatazama mgongo wake, akalifungua katikati na kuvuta ukurasa mmoja kwa ncha za vidole. "Limepungua karatasi," alisema. "Karatasi za daftari ni pacha. Ukiichana moja, mwenzake hulegea. Tazama uzi huu."

Dada Hakika hakutazama. "Mwenye gari si mtu wa kuchana daftari, mama. Huyo hata gazeti halichani."

"Mwanangu." Mshonaji aliweka daftari juu ya boneti. "Nashona mwaka wa ishirini na sita. Nguo yenye kiraka siiogopi. Nakiona, nakipima, najua itadumu miaka mingapi. Ninayoiogopa ni ile isiyo na kitu. Gari la umri huu halina hata mkwaruzo? Kiraka kipo, ila aliyekificha ni fundi kuliko mimi. Nionyeshe, nilipie. Usiponionyesha, naenda zangu."

Mwenye Yadi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi akitazama saa yake, kisha ile nafasi ya mbele, kisha saa tena. Njia ya mwongo fupi, wanasema wahenga. Ya mkweli mwezi huo ilikuwa imeishia pale pale langoni. Dada Hakika alimfikiria baba yake akilipokea gari lililokataliwa na mji mzima, akiliosha na kuliegesha uani, na macho yake yale. Angesema nini? Angemwambia jirani kwamba usafirishaji ni mgumu siku hizi.

Alitazama nyuma ya bega la kulia, kisha la kushoto, kama alivyowafundisha wauzaji wapya, akashusha sauti.

"Mama, wewe umenishinda. Hili lilikuwa teksi."

Mabega ya mshonaji yalishuka kwa raha.

"Miaka minne. Kilomita zimerudishwa. Na hapo ulipogonga, aliyekuwa akiliendesha alirudi nyuma akaingia ukutani."

"Mlevi?"

"Si mlevi," alisema Dada Hakika haraka. Hata uongo una heshima yake kwa wazazi. "Ni haraka tu."

"Sasa tunazungumza," alisema mshonaji, na kwa mara ya kwanza alilishika gari kama mtu anavyoshika kitu chake. "Nalichukua. Utanipunguzia kidogo kwa huo ukuta. Ila huyo dereva nataka kumwona kwa macho akitia sahihi. Mtu aliyekubali kosa lake nampenda."

Jumatatu ndiyo siku waliyoafikiana. Nyumbani Baba aliuliza swali moja tu. "Bila uongo?"

"Saa tatu asubuhi, Baba. Usisahau kitambulisho."

Alifika saa tatu kasoro dakika tano, katika suti aliyoagwa nayo kazini alipostaafu, tai shingoni. Hakuwahi kukanyaga yadi ile. Aliingia kwa hatua zake za kupimia, zile za mita moja moja, akipita kati ya magari ya wauguzi na ya maprofesa na kuyainamishia kichwa kidogo, kama mtu anayepita msibani kwa wasiomjua. Kasuku alimpa kiti chake mwenyewe ofisini. Mshonaji alikuwa ameshafika, na karatasi za umiliki zilikuwa mezani. Dada Hakika alisimama kando ya kabati la funguo. Alikuwa amepanga kumwahi baba yake langoni amweleze, lakini alipoiona ile tai alitangulia ofisini.

"Shikamoo, mzee," alisema mshonaji.

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kazi. Teksi si mchezo."

Nje mwosha magari alifunga bomba, ikawa kama naye anasikiliza. Dada Hakika alianza kuhesabu vigae vya sakafuni. Alisikia kiti cha baba yake kikigeuka taratibu, kama alivyokuwa akikigeuza kile chombo chake cha kulengea vigingi, mpaka kikamwelekea yeye, kikasimama.

"Teksi," alisema Baba.

"Usione haya, mzee. Binti ameniambia yote, na ndiyo maana nanunua. Teksi, kilomita, na ule ukuta."

"Ukuta."

Vigae vilikuwa kumi na vinne kwa kumi na moja. Dada Hakika aliinua macho, akitarajia kuiona ile sura ya mtu aliyekuta kigingi kimehamishwa. Hakuiona. Baba alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya, kwa kuwa tai si kitambaa.

"Amekwambia ukuta gani?" aliuliza.

"Hakusema."

"Ulikuwa ukuta wa zahanati." Alirudisha miwani. "Nilikuwa narudi nyuma. Na ule ukuta, mwanangu, niliupima mimi. Nilikuwepo msingi unachimbwa. Nilijua ulipo kwa sentimita, na bado niliugonga."

Mshonaji aliguna kwa raha. "Nyuma kushoto."

"Nyuma kushoto. Taa ikapasuka, bati likaingia ndani namna hii." Alionyesha kwa kiganja. "Fundi mmoja, sasa ni marehemu, alilinyoosha kwa siku tatu. Mke wangu nilimwambia gari limekwenda kubadilishwa mafuta."

"Akaamini?"

"Alisema mafuta ya siku tatu ni mengi."

Mshonaji alicheka mpaka akavua kile kichuma cha kidoleni na kukiweka mezani. Kasuku, aliyekuwa amejisogeza mlangoni, alisahau kudaka maneno.

"Na teksi ulianzaje, mzee?"

Baba alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba anafikiri. "Teksi," alisema mwishowe, "abiria ni wasumbufu."

"Wasumbufu, hasa," Kasuku alimwokoa, akamsogezea kalamu.

Baba alitia sahihi kwa ule mwandiko wa daftarini. Mshonaji aliutazama, akalitazama daftari, kisha akamtazama yeye kwa upendo, kama mtu anavyomtazama mwizi aliyetubu. Gari lilitoka langoni polepole, likakata kushoto, likaenda. Kasuku aliwasindikiza hadi barabarani na kumshika mzee mkono kwa mikono miwili.

"Ile ya teksi imelegea kidogo, mzee wangu, nakwambia kama mwanao. Lakini ule ukuta. Mimi ule ukuta nimeuona. Ukichoka kukaa nyumbani, kiti kipo."

Baba na binti walitembea kuelekea kituo cha basi. Binti alikuwa bado na viatu vya kuuzia; hakukumbuka kubadili. Walipita duka la rangi, wakapita kinyozi, ndipo aliposema.

"Baba, nisamehe. Sikutaka kukuingiza. Lakini umejifunza wapi kuongopa namna ile?"

"Sijaongopa."

"Ule ukuta, Baba."

"Ukuta upo. Nenda ukautazame, hawajawahi kuupaka rangi pale." Alitembea hatua sita, mita sita. "Ulikuwa chuoni. Mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba gari langu halina mkwaruzo."

"Na karatasi ya daftari?"

"Nilikuwa nimeiandika. Tarehe, saa, kila kitu. Nikaisoma, ikaniumiza macho, nikaichana."

Dada Hakika alisimama katikati ya njia, mtu mwenye mkokoteni akamlalamikia na kumpita. Miaka sita alikuwa akisoma rangi za magari kwa kidole kama kipofu asomavyo. Gari moja tu hakuwahi kuligonga, na alikuwa ameliosha kwa mikono yake tangu akiwa sekondari. Mganga hajigangi. Kumbe katika yadi nzima mteja aliyeuziwa bila kuuliza swali alikuwa yeye, na aliyemuuzia alikuwa mzee mmoja mstaafu.

"Sharti lilikuwa bila uongo," alisema Baba, ambaye naye alikuwa amesimama. "Nimepiga hesabu. Ukuta si uongo, ulikuwa unasema kweli bila kujua. Imebaki teksi, pamoja na hizo kilomita zake. Na hiyo teksi niliiitikia mimi. Kwa hiyo mpaka uko katikati yetu. Sijui niuweke upande gani."

"Na Mama?"

"Mama yako anajua tangu siku ile ya mafuta. Hajawahi kusema. Anakohoa tu."

Kituoni alikuwapo fundi viatu wa mtaani kwao, kiboksi chake cha kazi magotini, akisubiri basi lile lile. Alimwamkia mzee, akachungulia nyuma yake barabarani.

"Leo kwa miguu, mzee? Gari liko wapi?"

"Limeuzwa," alisema Baba. Alirekebisha tai yake. "Ameliuza huyu binti yangu. Ni muuza magari. Yuko kwenye ile yadi kubwa pale, mwaka wa sita sasa."

"Kumbe. Mimi nilijua usafirishaji."

"Hapana. Magari."

Fundi viatu alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Aliyelipata ana bahati. Gari la miaka yote hiyo, halijawahi kugusa hata jiwe. Si ndivyo, mzee?"

Baba aligeukia upande basi linakotokea. Lilikuwa bado halionekani. Binti alimwacha ateseke kwa muda wa kutosha kuhesabu hadi sita, moja kwa kila mwaka. Kisha akamkaribia fundi viatu na kumtazama machoni.

"Hakika," alisema. "Lilikuwa la mzee mmoja mstaafu. Alikuwa akiendea sokoni tu."